Basi Lisilofika Ruma

Kwa miaka tisa mfululizo Matroni aliandika barua ya aina moja kwa mwalimu mkuu, akiomba ruhusa ya kuwapeleka watoto wa kitengo maalumu katika Mbuga ya Ruma wakati wa likizo ya Agosti, wakaone twiga. Kwa miaka tisa ruhusa ilitoka. Kwa miaka tisa basi liliondoka Migori asubuhi, watoto wakiimba, na halikuingia mbugani hata mara moja.

Nayajua haya kwa sababu nilikuwa ndani ya basi hilo mara saba. Mara ya kwanza nilikwenda kama mtangazaji wa kituo kidogo cha redio, nikiwa na kinasa sauti na maswali niliyoyapanga vizuri kwenye karatasi: nani alimwona twiga kwanza, nani aliogopa nyati. Tulipofika Magunga, ambako tulipaswa kukata kuelekea mbugani, dereva hakukata. Nilimwuliza Matroni kama tumepotea njia. Alikuwa kiti cha mbele, mkoba mapajani.

"Twiga wana kwao," alisema bila kugeuka. "Hii watoto ndio tunatafutia."

Aliniruhusu kuandika habari zake kwa sharti kwamba jina lake lisiwemo. Sitaeleza alizaliwa wapi wala ni binti wa nani. Hakuwahi kuyataja nami sikuyauliza. Watoto nao nimewabadilishia majina. Yaliyobaki ni kama nilivyoyaona, na machache kama nilivyosimuliwa.

Shule yenyewe iko nje kidogo ya mji wa Migori, upande wa barabara iendayo mpakani. Ni shule ya msingi ya kawaida yenye kitengo cha watoto wenye ulemavu. Wapo wasiotembea, wapo ambao mikono yao haitulii, wapo wanaochukua dakika nzima kutoa neno moja. Wanalala bweni. Siku ya kufunga shule wazazi huja kuwachukua, na kila muhula walikuwepo ambao hawakujiwa na mtu. Matroni hakuwahi kusema kwamba wazazi hao hawawapendi watoto wao. Alisema wanaona aibu, na aibu ikikaa sana nyumbani inapewa kiti. Kwa hiyo likizo zote bweni lilibaki wazi na yeye alibaki nalo, akapika, akafua, akawaogesha waliobaki, na likizo yake mwenyewe ikaisha hivyo.

Safari ya Agosti ilizaliwa humo. Wa kwanza kuhesabiwa walikuwa wale wasio na wa kuwachukua, lakini Matroni hakutaka mtu yeyote awajue kwa kuwatazama. Aliwaomba wazazi wengine wote wachelewe siku tatu, mpaka safari iishe. Wazazi walinung'unika. Mmoja alikuja akasimama mlangoni na kusema ana haki ya mtoto wake. Matroni alimkubalia haki yake, akampa kiti na chai, akamwomba ampe siku tatu tu. Basi likaondoka limejaa, na hakuna aliyejua yupi amebaki kwa kuombewa na yupi amebaki kwa kuachwa.

Alikuwa mrefu, mabega mapana, mwendo wa mtu anayebeba ndoo hata kama mikono ni mitupu. Alivaa koti la kazi la buluu lililochakaa viwiko, na raba za kiume. Mfukoni mwa koti mlikuwa na koleo, viraka vya tyubu, gundi na kopo la mafuta ya kujipaka. Alijua kuziba pancha ya kiti cha magurudumu kuliko vijana wa bodaboda waliokaa nje ya geti, nao walikuwa wanamletea baiskeli zao kwa siri ili wasichekwe.

Ndani ya bweni palikuwa na sheria moja ya lugha. Walikuwepo watoto Wajaluo, watoto Wakuria, na Abdi, mtoto wa mfanyabiashara wa nguo mjini, ambaye nyumbani kwao walisema Kisomali. Matroni aliamuru Kiswahili. Alieleza kwamba ukisema Kijaluo Chacha anaachwa, ukisema Kikuria Auma anaachwa, na hawa wameshaachwa vya kutosha. Kiswahili chake mwenyewe kilikuwa cha kuungaunga, hii kiti na ile watoto, naye hakukionea haya. Ila akikasirika kweli, Kijaluo kilimtoka, na watoto wote, hata wasioelewa neno, walijua huo ndio wakati wa kutafuta kazi ya kufanya.

Hakuwa mtu laini. Mtoto akianguka, hakumkimbilia. Alisimama palepale na kusema, "Umesalimia udongo, sasa amka." Nilimwona mara moja akimwacha msichana mdogo apigane na kifungo cha sweta robo saa nzima, watu wote wakisubiri uji. Mpishi alinyoosha mkono kusaidia, naye akaupiga kofi mkono huo. Lakini muda wote huo yeye mwenyewe alikuwa amegeukia ukuta. Nilidhani amechoka. Kifungo kilipoingia na msichana akapiga kelele, ndipo Matroni alipogeuka, na nikaona kwa nini alikuwa ameuficha uso.

Walikuja wageni siku moja na maboksi ya peremende, wakaomba watoto wapangwe mstari ili wapigwe picha. Matroni hakukataa. Alisema picha ni sawa, ila kwanza kila mgeni akae na mtoto mmoja, anywe naye chai, ajue jina lake na anapenda nini, halafu aje amweleze yeye. Wengi walitazama saa zao. Gari liliondoka bila picha. Mama mmoja wa makamo ndiye aliyebaki, akakaa na Chacha mpaka chai ikapoa, kwa kuwa Chacha hulitoa jina lake polepole. Mama huyo anakuja mpaka leo, na kamera hana.

Pamoja na ukali wote huo juu ya ukweli, alikuwa akimdanganya mwalimu mkuu kila mwaka kwa maandishi na sahihi. Nilimwekea jambo hilo mbele mara moja, kwa kuwa lilinisumbua. Mtoto aliyeongopa kuhusu kipande cha sabuni alinyimwa stori za jioni wiki nzima. Je, barua ya Ruma?

"Barua inasema tunaelekea Ruma," alinijibu. "Si tunaelekea? Kufika ni mambo ya Mungu."

Kinyume kingine: aliogopa maji. Kila safari tulisimama Sori, watoto wakashushwa ufuoni mwa ziwa, dereva na sisi wengine tukawaketisha kwenye maji ya kina kifupi mpaka viunoni. Watoto ambao miguu yao haikuwa na kazi nchi kavu waliipata kazi humo. Matroni alikaa mbali, juu kwenye majani, viatu mkononi, akipiga kelele kwamba fulani ameenda ndani sana wakati fulani ameloa magoti tu. Watoto walimtania. Auma alikuwa akimwambia, "Matroni, njoo nikushike mkono, maji haiumi," na ufuo mzima ukacheka.

Nimemtaja Auma mara mbili na sasa ni lazima nimweleze, kwa sababu habari hii ni yake pia. Ana miaka kumi na miwili. Hatembei, kiunoni kwenda chini mwili wake haumsikii. Ana ulimi mwepesi na mwandiko mzuri kuliko wa mwalimu wake. Aliletwa shuleni akiwa na miaka mitano na mwanamume aliyejitambulisha kama mjomba, akaacha jina la baba wa mtoto na namba ya simu. Namba hiyo haikuwahi kuita. Hakuna aliyerudi kumchukua, si Aprili, si Agosti, si Desemba. Mwezi wa Juni mwaka huu Matroni amestaafu. Mwalimu mkuu amesema, wala simlaumu, kwamba bila mtu wa kulala na watoto bweni haliwezi kubaki wazi wakati wa likizo. Wengine wote waliokuwa wakibaki wamepata kwao, kidogo kidogo, katika miaka hiyo tisa. Auma pekee ndiye hajaenda kulala kwao hata siku moja. Likizo ya Agosti hii ndiyo ya kwanza bweni kufungwa.

Sasa nieleze jinsi Matroni alivyozipata nyumba, maana hakuna ofisi iliyompa anwani. Alisikiliza matangazo ya vifo. Kila siku mchana, redio ndogo dirishani mwa jikoni, kalamu mkononi. Matangazo ya kwetu ni marefu. Hutaja marehemu, wajane wake, watoto, wakaza wana, ndugu na kazi wanazofanya, kijiji na shule ya msingi iliyo karibu. Matroni alikuwa na majina ya akina baba yaliyoachwa kwenye fomu, na alisubiri jina moja litokee kati ya wafiwa. Wafanyakazi wenzake walidhani anapenda misiba. Ndivyo nilivyojuana naye: alipiga simu kituoni kwetu kuomba tangazo fulani lisomwe tena, polepole, kwa kuwa kuku walipiga kelele likampita.

Akishapata kijiji, alipanga njia ya basi. Hakupiga simu kwanza. Alisema simu ni mlango mwepesi kufunga. Basi lilisimama barabarani, watoto wakashushwa wote, wakaingia bomani na viti na magongo yao, Matroni mbele na mfuko wenye sukari na mikate, kwa kuwa mgeni haendi mikono mitupu. Wakakaa kivulini. Mtu wa huku, hata awe na hasira gani, hamwinui mgeni aliyekwisha kukaa, atamlisha kwanza. Baada ya nusu saa moshi ulianza kutoka jikoni. Wakati wa kula Matroni hakusema lolote juu ya mtoto wa nyumba hiyo. Aliuliza mvua, mahindi, nani amezikwa. Mtoto alikuwa palepale, kati ya wenzake, anakula mbele ya wakwe, mashangazi na majirani waliokuja kuchungulia.

Katika boma moja karibu na Sori mwenye nyumba alimkamata jogoo na alikuwa ameshainua kisu. Matroni akamzuia. Akasema jogoo achinjwe na Abdi, ili kila mtu ale. Abdi wakati huo alikuwa kijana wa miaka kumi na minne mwenye magongo mawili, na ili kushika kisu ilimbidi aegemee mti. Jogoo akamponyoka. Boma zima, babu kwa wajukuu, likamfukuza, na mtoto aliyekuwa amefichwa nyumba ya nyuma kila wageni wakija ndiye aliyemnasa, kwa kuwa jogoo alikimbilia chini ya kiti chake cha magurudumu. Baba yake alicheka mpaka akakaa chini. Matroni aliniambia baadaye kwamba kazi ya nyumba hiyo ilikwisha siku hiyo, hakukuwa na la kuongeza.

Kipimo chake kilikuwa wakati wa kuondoka. Mgeni husindikizwa. Matroni alitazama nani atasukuma kiti cha mtoto na ataishia wapi. Aliandika kwenye daftari la shule, jina la mtoto na neno moja: mlangoni, getini, barabarani, basini. Mwaka unaofuata aliandika tena. Mtoto aliyesukumwa na wa kwao mpaka basini, akainuliwa na mikono yao kuingizwa ndani, huyo Desemba alikuja kuchukuliwa. Sikumbuki alipokosea.

Jina la baba yake Auma lilisikika miaka mitatu iliyopita, katika tangazo la kifo cha babu yake. Lilitajwa la pili kati ya watoto wa kiume: fundi wa ujenzi, wa kijiji kilicho mwendo mfupi kutoka Sindo. Kwa Auma Matroni alivunja desturi yake, akapiga simu kwanza kupitia kwa chifu, kwa sababu msiba ulikuwa bado mbichi. Sauti ya mwanamume ilimjibu kwamba nyumbani kwao hakuna mtoto wa jina hilo na hajawahi kuwepo.

Tukaenda. Ilikuwa Agosti, na babu alikuwa amezikwa Mei. Kosa tulilofanya siku hiyo ni la kwetu sote, na mtu wa huku angepaswa kuliona mapema. Basi kubwa la shule likisimama mbele ya boma, limejaa watu, wanawake wawili watatu mbele wamefunga vitambaa kichwani, maana yake ni moja. Limeleta maiti, au limeleta waliaji. Kabla Matroni hajashuka ngazi ya mwisho, kikongwe alitoka nyumba kubwa akikimbia na mikono kichwani, akipiga ukemi uliowatoa majirani mashambani. Alikuwa ameona maandishi ubavuni mwa basi: jina la shule. Akajitupa chini getini, akilia kwa Kijaluo, nyakwara, nyakwara, mjukuu wangu, na kisha kwa jina kamili: Auma, Auma wa mwanangu, wamekuua huko, wamekuleta.

Sisi tulisimama. Dereva alivua kofia, sijui kwa nini. Auma, aliyekuwa bado kwenye kiti chake ndani ya basi, alisema kwa sauti ya kawaida, "Niko hapa, Dani." Nyanya, maana yake.

Kikongwe akainua kichwa. Matroni akamwendea, akapiga magoti kwenye vumbi, akamfuta uso kwa ncha ya koti lake. Nyuma yake, mlangoni pa nyumba yenye ngazi tatu, alikuwa ametoka mwanamume mwenye vumbi la simiti kwenye nywele. Matroni alimsemesha kikongwe, lakini mwanamume huyo ndiye aliyekusudiwa kusikia.

"Mama, mtu halii hivi kwa ajili ya mtoto ambaye hayupo."

Mwanamume aliingia ndani na hakutoka tena mpaka tulipoondoka. Lakini tulikula. Nyanya alimkalisha Auma karibu naye, akawa anamshika mkono kila mara, anauachia, anaushika tena. Wakati wa kurudi alisukuma kiti mwenyewe, akaishia getini. Garini Auma alitangaza, "Dani amenililia nikiwa mzima. Siku nikifa kweli atakuwa amechoka." Watoto walicheka, Matroni akacheka, kisha akalitoa daftari.

Mwaka uliofuata nyanya alimsukuma mpaka barabarani. Mwaka jana baba alitoka ndani. Ndipo tulipoyasikia yote, kwa kuwa alikaa na Matroni kwenye jiwe nje ya nyumba na kuongea kama mtu anayetua mzigo. Mama yake Auma alifariki mtoto akiwa na miaka miwili. Kabla ya hapo, yeye alikuwa amejenga nyumba yake bomani kabla ya kaka yake mkubwa kujenga, jambo ambalo kwa Wajaluo halifanywi. Kaka alikuwa mbali, hana haraka ya kurudi. Yeye ni fundi, alikuwa na mawe na mikono. Miguu ya mtoto iliposhindwa, na mke akafa, wazee walisema ni chira, adhabu ya mwiko aliouvunja. Kila alipomtazama Auma aliiona nyumba. Mjomba wa mtoto alimpeleka shule, na watu wakaacha kulitaja jina lake.

Nilitarajia Matroni amkemee. Yeye ni mtu wa kanisa, hakosi Jumapili. Lakini aliuliza swali la kifundi tu. Kwenye zahanati iliyo karibu, wakati tunapita, alikuwa ameona mteremko mzuri wa simiti wa kupitishia viti vya magurudumu.

"Ule mteremko wa zahanati nani alimwaga?"

"Ni mimi, Mama."

"Hapa kwako ngazi ni tatu. Yeye atapanda na nini?"

Mwanamume alisema hajaongeza hata jiwe moja kwenye nyumba hiyo tangu mke wake alipozikwa. Bati likivuja anaweka sufuria. Alijengea watu wote wa huko, ila yake haigusi. Kaka yake ndiye angepaswa kuigusa kwanza.

Ndani ya basi nilimwuliza Matroni kama naye anaamini chira. Alisema anamwamini Mungu. "Lakini siwezi kumwambia mtu aache kuogopa," alisema. "Naweza kumletea kaka yake." Na siku ile baba alikuwa amesukuma kiti mpaka basini. Hakumwinua, dereva ndiye aliyemwinua Auma. Matroni aliandika "basini", akakaa na kalamu kidogo, kisha akaongeza neno "karibu".

Alimtafuta kaka huyo kwa miezi kumi. Yuko Mombasa, anafanya kazi ya ulinzi. Alimpigia simu, akampigia tena, akamtumia ujumbe ulioandikwa na watoto. Sijui alichomwambia. Najua tu kwamba kufikia Juni, alipoagwa shuleni kwa soda na hotuba, kaka alikuwa amekubali kuja, bila kusema lini.

Katika kuagwa huko lilitokea jambo ambalo sijalimaliza moyoni. Karibu kila mtu alikuwa na wazo lilelile: Matroni amchukue Auma. Watoto wake ni watu wazima, nyumba yake karibu na Sori ina vyumba, na kila mtu aliona wanavyopendana. Mwalimu mkuu alilisema hadharani. Auma mwenyewe hakungoja watu wazima wamalize. Alisogeza kiti chake mpaka magotini pa Matroni.

"Kwako kuna ngazi?"

"Hakuna."

"Basi nakuja."

"Hapana, nyathina," Matroni alisema. Mwanangu, maana yake. "Kwangu utakuwa mgeni mpaka uzeeke. Kwenu ukifika, umefika."

Auma aligeuza kiti akaenda zake bila kumwambia kwaheri. Nami nilimkasirikia Matroni siku ile, na nilimwambia. Nilisema ni rahisi kushikilia kanuni wakati anayeumia ni mtoto. Hakujitetea. Alisema akimchukua, kule Sindo watapumua, na mlango utafungwa kwa msumari. Alisema pia kwamba kwa wiki mbili hakupata usingizi kwa ajili ya jambo hilo, na nikaona kwamba macho yake yalikuwa yanathibitisha. Bado sijui kama yuko sahihi. Nimeshuhudia tu kwamba watoto wengine wote aliowakatalia hivyo sasa wanalala kwao.

Nilikutana naye wiki iliyopita huko Sindo, siku ya soko. Sikumtambua mara moja, kwa kuwa hakuwa na koti la buluu. Alikuwa amekaa kibandani kwa muuza chai, gauni la maua, mkoba miguuni, anapuliza kikombe. Mtu ambaye aliwahi kushusha basi zima katika boma la watu alikuwa amekuja peke yake kwa bodaboda, na sasa hakuwa na cheo wala barua. Aliniambia hivyo mwenyewe, akicheka: siku hizi yeye ni mama anayepita tu.

Alikuwa ametoka kwa fundi. Ilikuwa mara ya tatu tangu astaafu. Mchanga wa mteremko upo, alisema, lundo zima mbele ya ngazi, umekuwepo tangu mvua za masika mpaka majani yameota juu yake. Kokoto zipo. Simiti mifuko miwili iko ndani, imefunikwa kwa turubai. Fundi amepima, amepigilia vigingi pembeni na kufunga kamba. Kilichobaki ni kaka. Amesema anafika Jumatano ijayo. Akishika chepe yeye kwanza, mdogo wake atamaliza kabla ya jua kuzama, na Ijumaa, shule ikifungwa, simiti itakuwa imekauka vya kutosha kwa kiti chepesi.

"Na asipokuja?" nilimwuliza.

 Alikizungusha kikombe mkononi.

"Sijui," alisema. "Fundi anaweza akamwaga peke yake. Anaweza pia akaukalia ule mchanga mwaka mwingine. Leo nimemwangalia mikono, sikuona itafanya lipi."

Nilimwuliza kwa nini basi asimwambie Auma kwamba, ikishindikana, milango ya Sori iko wazi. Aliweka kikombe chini. Akasema amelifikiria sana, na kwamba akilisema, fundi atalisikia kabla ya siku mbili, kwa jinsi maneno yanavyotembea huku. Halafu akaniomba, mimi ninayekaa Migori, nipite shuleni nimwone mtoto. Alitaka kujua tu kama anakula vizuri.

Nilipita jana. Auma anakula vizuri. Alinionyesha fomu ya likizo, ile ambayo kila mtoto wa bweni hujaza kabla ya kufunga. Mahali pa kuandika unakokwenda, ambapo kwake miaka yote mwalimu alijaza neno "shuleni", ameandika mwenyewe kwa mwandiko wake mzuri jina la kijiji, na chini yake jina la baba yake. Mstari wa mwisho ni wa sahihi ya atakayemchukua, nao hauna kitu. Leo ni Jumanne. Shule inafungwa Ijumaa saa nne asubuhi.